Darubini ya Ngare Nanyuki

Ngare Nanyuki
16 Septemba 1951

Mdogo wangu Tabea,

Sukari uliyotuma imefika, ila sisimizi walifika nayo. Mama ameipepeta kama mtama, hajatupa hata punje. Anakusalimu wewe na shemeji Reginald, na anauliza kama huko Arusha bado mnakunywa maji ya mfereji yenye ladha ya chuma.

Kibanda cha darubini kimekwisha. Ulipoondoka zilikuwa kuta tu. Sasa kina paa la mabati lenye magurudumu ya toroli, nalo linateleza juu ya reli za mti wa mtarakwa. Ukilisukuma linapiga kelele mpaka ndama wanakata kamba. Katikati nimejenga nguzo ya mawe, na juu yake nimefunga ile darubini aliyoniachia daktari wa misheni alipokuwa anarudi kwao. Upande mmoja ni bomba, upande mwingine ni pande la chuma la kulisawazisha, lisije likaangusha kichwa chini kama ng'ombe mgonjwa. Mama amekwisha kuingiza kuku wawili wanaoatamia. Anasema nyumba yenye kivuli haikai bure.

Mchana natazama jua. Usishtuke, siweki jicho. Naacha mwanga upite kwenye bomba uangukie karatasi nyeupe, jua linajichora lenyewe, mviringo kama sahani, na madoa yake meusi. Jumapili watu wakitoka kanisani wanapanga mstari. Mzee mmoja alitazama yale madoa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kumbe na jua liliugua ndui?" Jioni nawaonyesha sayari ya Mshtarii na miezi yake minne. Wanawake wanacheka, wanasema huyo ana watoto wengi kuliko mke wangu ambaye sijamwoa.

Sasa yasiyopendeza. Wapima ardhi walikuja wakapigilia vigingi mpaka karibu na kisima. Vijana waking'oa, wao wanarudisha. Juzi Philemoni, jirani yetu wa chini, alikutwa na kigingi mkononi. Mlinzi mmoja alimpiga kitako cha bunduki kwenye taya. Nilifika akiwa amekaa chini, anatema meno kiganjani moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Sasa anakunywa uji kwa bua la mboga. Wanasema sote tutahamishwa tupelekwe Kingori, nchi hii wapewe Wazungu wafuge ng'ombe. Tumeapa kanisani kwamba hakuna atakayetoka kwa miguu yake mwenyewe.

Mama naye ameapa. Unamjua.

Kaka yako,
Anaeli Sumari


Kaloleni, Arusha
10 Oktoba 1951

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Nimemsomea Reginald barua yako. Alicheka kwenye habari ya kuku, kisha nilipofika kwa Philemoni akatoka nje.

Kaka, hapa mjini watu wanajua zaidi ya ninyi huko. Mimi nafua mashuka ya hospitali, na wake za makarani wanaleta maneno. Wanasema malori yamekwisha kukodiwa. Wanasema atakayekataa, nyumba yake itachomwa. Jana sokoni kijana wa Kimeru alisema kwa sauti kwamba nchi ni yetu, akachapwa fimbo mbele ya watu mpaka shati likashikana na mgongo. Mimi niliondoka na vitunguu vyangu.

Nakuomba umlete mama. Darubini ni yako, kaa nayo, ila mama mlete. Ni mzee, macho hayaoni mbali, na akikimbia anakohoa. Chumba kipo. Kama hutaki kwa sababu ya kiapo, mpeleke kwa baba mdogo Eliasi kule Kikatiti, useme anaumwa.

Reginald ni mzima. Tajiri wake amempa kazi ya kubeba saruji kwa lori huko Moshi, kwa hiyo siku nyingi hatalala nyumbani.

Mdogo wako,
Tabea


Ngare Nanyuki
6 Novemba 1951

Tabea,

Nimemwambia mama maneno yako. Akanijibu, "Mwambie Tabea nilimzaa hapa, na kitovu chake nilikizika hapa. Aje achukue kitovu kwanza." Basi nikaacha.

Wamefika. Wamepiga mahema kule chini tambarare. Nililifungua paa mchana nikaielekeza darubini huko badala ya angani. Unajua darubini ya nyota inageuza kila kitu. Niliona askari wakitembea miguu juu, wakila miguu juu, na malori yamening'inia kama popo. Philemoni alitazama akasema, kwa taya lile lililofungwa kitambaa, "Wacha wabaki hivyo hivyo." Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka wiki hii.

Usiku wa kuamkia jana walimvamia fahali wetu. Sijui nani. Walimkata kano za miguu ya nyuma, wakamwacha. Nilimkuta asubuhi anajikokota kwa miguu ya mbele, ananiangalia. Ilibidi nimmalize mwenyewe kwa shoka, na shoka lilikuwa butu. Mama alishika pembe. Nyama tukagawa kijiji kizima, lakini watu walikula kama wako msibani.

Naendelea kuchora jua kila siku. Madoa ni machache siku hizi.

Najua unataka nishuke. Lakini, mdogo wangu, nikishusha darubini, watu wataona nimeshuka na mimi. Wanaangalia lile paa. Likifunguliwa asubuhi wanajua tupo.

Anaeli


Kaloleni
13 Novemba 1951

Kaka,

Naandika kwa haraka, anayeichukua barua yuko mlangoni.

Siku watakayokuja, akitokea mtu wa kumchukua mama, mwache amchukue. Hata akiwa wa upande wao. Usimzuie wala usimguse. Nimeahidi nisiseme zaidi, kwa kuwa ukijua utawaambia wenzako, na wao watamuumiza. Nakuomba kwa jina la baba yetu.

Tabea


Kikatiti, kwa baba mdogo Eliasi
24 Novemba 1951

Mdogo wangu Tabea,

Niko hai. Mtafute mama.

Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa kichwani hakuna mpangilio. Walikuja asubuhi, umande haujakauka. Walianzia nyumba za chini. Walitoa watu kwanza, halafu wakatoa vitu vichache, halafu wakaweka moto kwenye nyasi za paa. Kwa Philemoni walikuta mlango umefungwa kwa ndani, wakauvunja. Mke wake alimwagia askari uji wa moto usoni. Walimburuta kwa nywele mpaka kwenye lori, na mtoto mgongoni. Ng'ombe waliokuwa zizini walivunja ua wakakanyaga kila kitu. Niliona mbwa amewaka moto akikimbia kuelekea mtoni. Sauti yake bado ninayo.

Mimi nilikuwa kibandani. Moshi ulikuwa mzito, sikuweza kuona hata nyumba yetu. Ndipo nikamsikia mama anapiga kelele, ananiita jina langu. Nikatoka na lile pande la chuma mkononi. Nikaona mmoja wao, dereva, mwenye kofia ya kazi na kipande cha gunia kilicholowa maji amejifunga usoni kwa ajili ya moshi. Amembeba mama begani kama mzigo wa mahindi, anakimbia kwenda kwenye lori. Mama anampiga mgongoni kwa ngumi na kupiga kelele.

Nilimpiga kisogoni. Nilisikia mfupa. Alianguka kifudifudi na mama chini yake. Nikampiga tena, begani. Sitakuficha, Tabea, nilifurahi. Mwaka mzima wa vigingi na taya za watu na yule fahali, vyote viliingia katika mkono ule.

Halafu askari wakaniona. Walinipiga na mimi, ubavu umevunjika, nikajitupa korongoni. Nilipochungulia, lori lilikuwa limeondoka na mama ndani, na kibanda kinaungua. Bati za paa zilikuwa zinajikunja kama majani. Nimebaki na kioo cha mbele cha darubini, kilikuwa mfukoni.

Uliza malori yamepeleka wazee wapi. Uliza hospitalini kwako. Na ukisikia wanamtafuta mtu aliyempiga dereva, wewe hunijui. Natumaini amekufa.

Kaka yako,
Anaeli


Kaloleni
3 Desemba 1951

Anaeli,

Mama yuko hapa. Nyonga imevunjika, amelala chumba cha mbele.

Reginald yuko chumba cha ndani.

Sijui kama nahitaji kuandika zaidi, lakini nitaandika, maana nataka usome kila neno. Hakuna saruji Moshi. Tajiri wake alikodisha malori kwa ile kazi, na madereva wengine walikataa. Reginald naye alikataa, kisha akarudi akakubali. Aliniambia, "Nikikataa, atapanda dereva asiyemjua mama, atamtupa nyuma pamoja na magodoro. Mimi nitamkalisha mbele." Alimwomba msimamizi apangiwe upande wetu wa kijiji. Nilikuandikia. Barua imerudi jana, bahasha imefunguliwa.

Alipofika nyumbani alimkuta mama peke yake ndani. Paa limeshika moto, na mama amekaa kwenye kigoda amefunika kichwa kwa kanga. Peke yake, Anaeli. Uliniandikia kwamba ulikuwa kibandani. Hukuandika ulikuwa unafanya nini, lakini mama amesema. Ulikuwa unafungua skrubu. Ulianza na darubini.

Mama alimpiga ngumi mwanzoni, hakumjua kwa sababu ya gunia. Akamwambia, "Mama, ni mimi Reginald." Akaacha. Kelele ulizosikia baadaye hazikuwa za kukuita umwokoe. Alikuona unakuja na chuma. Alikuwa anasema, "Anaeli acha, huyu ni wetu! Anaeli, ni mkwe wetu!"

Fuvu limepasuka nyuma. Alilala siku nyingi hajui mtu. Sasa amefumbua macho. Mkono wa kulia na mguu wa kulia ni vya mtu mwingine, havisikii. Mate yanamtoka upande mmoja, naye anajua, anajifuta kwa kushoto huku akinitazama kama ninaweza kukasirika. Nilipata barua yako nikiwa nambadilisha bandeji. Niliisoma nikiwa nimesimama, na usaha wake mikononi.

Umeandika unatumaini amekufa. Sijamsomea.

Usije hapa.

Tabea


Kikatiti
12 Desemba 1951

Tabea,

Nimesoma.

Ni kweli, nilianza na darubini. Nilijiambia nyumba yetu ni ya mwisho, nina muda. Nilimwambia mama, "Kaa hapo nakuja." Skrubu moja ilikuwa imeshika kutu. Nilibaki nayo, nikasikia moshi, nikasema hii moja tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nisingekuandikia kamwe kama mama asingesema.

Kile kioo nimekiweka juu ya jiwe la kusagia, nikakipasua kwa nyundo ya baba mdogo. Hakikuvunjika upesi. Baba mdogo Eliasi alidhani nimechanganyikiwa, akaninyang'anya nyundo, akanifungia bandani na mbuzi mpaka jioni.

Keshokutwa nakwenda polisi Arusha, nitajitaja. Hilo angalau nitalifanya.

Anaeli


Kaloleni
20 Desemba 1951

Kaka,

Kumbe ulikwenda kweli. Nimesikia walikucheka wakakusukuma nje. Sasa nikwambie kwa nini.

Inspekta alikuja hapa kumhoji Reginald. Ulimi wake ni mzito lakini maneno yanatoka. Aliulizwa nani alimpiga. Akasema, "Boriti. Boriti ya nyumba iliniangukia." Inspekta akamuuliza tena, akajibu vile vile. Mama alikuwa anasikiliza mlango wa pili. Naye alipoulizwa akasema hakuona kitu, macho yake ni mabovu. Wameandika boriti, wameondoka.

Nilimwuliza Reginald, "Umemfanyia Anaeli hivyo?" Alinikasirikia mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Alisema, nami naandika kama alivyosema: "Sikumfanyia yeye. Nilimfanyia mama, asione mwanawe anafungwa. Na sitaki serikali inipigie mtu wangu. Walikwisha kupiga watu wa kutosha. Huyu ni wa kwangu."

Kwa hiyo usiende tena polisi. Ukienda, unamfanya Reginald mwongo, na hicho tu ndicho amebaki nacho. Lori amepewa mwingine.

Kioo usingekipasua. Ungemletea mama, angekitumia kutafutia tundu la sindano. Nyie wanaume mkiona haya mnavunja vitu, halafu sisi tunafagia.

Tabea


Kaloleni
18 Februari 1952

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Reginald ametembea uani kwa fimbo, kutoka mlangoni mpaka kwenye mparachichi na kurudi. Anaanguka lakini hataki nimshike. Mkono wa kulia bado umelala. Wa kushoto umekuwa na nguvu za kutisha, anavunja kuni kwa goti na mkono huo.

Jana alisema nikuandikie. "Mwambie sasa aje. Aje mchana, aje mikono mitupu." Nilimwuliza anakutakia nini, akachukua fimbo yake akatoka uani.

Sijui nikushauri nini. Ningekuwa wewe ningeogopa. Lakini mama anakutaja usingizini.

Tabea


Kikatiti
21 Februari 1952

Tabea,

Nitakuja Jumatatu, tarehe 25. Mchana huo mwezi utapita mbele ya jua, utalila kama nusu. Nilikuwa nimeiweka siku hiyo tangu zamani kwa ajili ya watu wa kule kwetu. Sasa watu wa kwetu wametawanyika, na sina chombo. Acha niwe mbele ya Reginald siku hiyo, sitaki kuwa peke yangu kilimani nikitazama juu.

Mwambie nakuja mikono mitupu.

Anaeli


Kaloleni
26 Februari 1952

Kaka!

Jana nilirudi kutoka kazini nikakuta damu uani, tangu kwenye mparachichi mpaka kizingitini. Nimekuta fimbo ya Reginald imevunjika vipande viwili. Nimekuta jino. Reginald ana mkwaruzo pajini na udongo mdomoni, ameketi anakula ndizi, hataki kusema lolote. Mama ndiye amenitia wazimu kabisa: ukimwuliza anacheka. Anacheka mpaka anashika nyonga kwa maumivu, kisha anacheka tena.

Wewe uko wapi? Umefika Kikatiti ukiwa mzima? Kilitokea nini nyumbani kwangu?

Tabea


Kikatiti
2 Machi 1952

Mdogo wangu Tabea,

Nipo. Mkono wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko. Baba mdogo Eliasi amenifunga kwa vijiti na maganda ya mgomba na sasa nanuka kama shamba. Jino ni langu, mpe mama akipenda.

Nilifika jua likiwa juu kabisa. Reginald alikuwa amesimama chini ya mparachichi ameegemea shina. Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Nilisema hodi, nikasema, "Shemeji, nimekuja." Akasema, "Sogea." Nikasogea. Akasema, "Sogea mpaka hapa, mimi siwezi kukufuata." Nikasogea mpaka nikasikia pumzi zake.

Alinipiga kofi kwanza. Tabea, sijawahi kupigwa kofi kama lile na mtu mwenye mikono miwili. Kisha akachukua fimbo. Alinipiga mbavu zile zile walizovunja askari, akanipiga mdomoni, na nilipoinua mkono bila kutaka ndipo ulipovunjika. Nikaushusha. Nilikuwa nimeahidi mikono mitupu. Kila pigo alikuwa anasema kitu. "Hili ni la lori." "Hili ni la Tabea kunivua suruali kama mtoto." Fimbo ilipokatika alitaka kunipiga na kile kipande, lakini mguu wake wa kulia ukamsaliti, akaniangukia mwilini. Tulikwenda chini wote.

Sasa sikia. Mimi mkono mmoja umevunjika na nimelala chali, siwezi kumwondoa. Yeye upande mmoja haufanyi kazi, yuko juu yangu, hawezi kuinuka. Alijaribu kuning'ata sikio akapata udongo. Mama alitaka kuja kutuamua, nyonga ikamrudisha kwenye mkeka. Tukawa watu wazima watatu uani mwako, hakuna hata mmoja anayeweza kumwinua mwenzake, na jogoo lako limesimama mgongoni pa Reginald linatuangalia. Hapo ndipo mama alipoanza kucheka. Hakuweza kuacha.

Mimi nilikuwa nalia, sikufichi. Nilimwambia Reginald maneno niliyotembea nayo tangu Desemba. Nilimwambia nilimwacha mama nikaenda kufungua skrubu, na yeye akaenda nilikopaswa kwenda mimi mwanawe. Alikuwa anapumua kwa nguvu shingoni pangu.

Kisha mwanga ukabadilika. Ulikuwa mweupe lakini umepungua, kama taa inayoishiwa mafuta. Reginald akageuza kichwa. Ardhi yote chini ya mparachichi ilikuwa imejaa miezi midogo, mamia, inatikisika. Mwanga ukipenya kati ya majani kila tundu linachora jua lilivyo, na jua lilikuwa limeliwa. Ilikuwa kwenye shati langu, kwenye damu, kwenye mkono wake uliolala.

Akauliza, "Hivi ni nini?"

Nikasema, "Ni jua. Mwezi umelipita mbele."

"Linauma?"

"Haliumi."

"Litarudi zima?"

"Linarudi sasa hivi. Tazama tu."

Tulitazama tukiwa tumelala vile vile, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Ile miezi ilinenepa pole pole ikawa miviringo ya kawaida. Ndipo akapita yule mama muuza maziwa, Pudensiana, akapiga yowe, akatuinua mmoja mmoja. Alitaka kuita watu. Reginald akamwambia, "Usiite mtu. Huyu ni shemeji yangu, tunazungumza."

Nilikunywa maji, nikambusu mama mkono. Nilipofika njiani Reginald aliniita. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshika mlango kwa mkono ule mzuri.

Akasema, "Usidhani nimemaliza. Rudi Jumapili."

Jumapili ni leo. Nimeandika barua hii alfajiri nikiwa nimekwisha kuvaa. Basi la kutoka Moshi linapita hapa karibu, nitalidandia. Barua nitakukabidhi mkononi, uisome jikoni wakati sisi tuko uani.

Kaka yako,
Anaeli